Mwaka Nilioambiwa Nimenona

Kama asubuhi ya leo umevua soksi ukakuta zimekuchora mguu kama kamba inavyomchora mbuzi shingoni, na bado kila unayekutana naye anakuambia umependeza, basi nimeandika haya kwa ajili yako. Mimi si daktari. Nilisomea jiografia. Sitakueleza figo inafanya kazi gani, kwa sababu nilielezwa mara nyingi na kila mara nilikuwa nikifikiria kitu kingine. Nitakueleza tu ilivyokuwa kwangu. Wakati ule nilitafuta mtu wa kunieleza, sikumpata.

Nilipomaliza chuo kikuu Nairobi nilipelekwa kufundisha wasichana karibu na Ikutha. Nyumbani kwetu ni upande wa Mbumbuni. Nilikuwa msichana wa kwanza katika ukoo wetu kupata digirii, tena nilikuwa mweusi sana, na mambo haya mawili yalisemwa kwa pumzi moja. "Nduku amesoma, lakini." Hiyo "lakini" haikuwa na haja ya kumaliziwa. Dada yake baba alizoea kusema kwamba nikisimama kivulini lazima nicheke ndipo nionekane. Nilicheka pamoja nao. Halafu nikirudi kitandani nilikirudia kicheko changu kichwani, nikijiuliza kama kilisikika cha kweli.

Musyoka, mtu wa Malili, tulijuana chuoni. Alipata kazi ya serikali ya kusimamia ujenzi wa barabara, akaanza kuzungumza habari ya kuleta mbuzi kwetu. Kwetu Ukambani mbuzi hao wa kwanza huitwa ntheo. Wakishaingia bomani kwa kina msichana na mmoja akachinjwa, basi huyo ni mke, hata kama kanisa bado halijafungua mlango. Mama alipoyasikia hayo alienda sokoni akaninunulia sabuni.

Sabuni hiyo haikuwa siri ya mtu. Iliuzwa mezani kama viberiti na majani ya chai, imefungwa kwa karatasi ya bluu yenye picha ya mwanamke mweupe anayetabasamu. Wasichana wa chuoni waliitumia, wake za makarani waliitumia, na mke wa mchungaji pia.

"Digirii tunayo," mama alisema akinikabidhi. "Sasa tutengeneze uso."

Niliambiwa nisilisuuze povu. Niliache likaukie usoni, shingoni na mikononi, nilale nalo. Nikalala nalo.

Mvua ya Novemba ilipoanza, wanafunzi wangu walikuwa wamenipa jina. Nilikuwa nikikaribia darasa nasikia sauti ndani: "Nyamazeni, Karabai inakuja." Karabai ni ile taa ya kupiga pampu inayomulika ukumbi mzima. Nilijifanya sijasikia, nikachora ramani ya Bonde la Ufa ubaoni. Nilikuwa nimefurahi. Usiku nilijiuliza kama taa ni sifa au dhihaka, nikaamua kwamba ni sifa, kisha nikaamua tena kwamba ni dhihaka, kisha nikapaka povu.

Nilipokwenda nyumbani likizo ya Krismasi nilikuwa nimenenepa. Kope zilikuwa nzito asubuhi, zikifunguka polepole kadiri jua lilivyopanda. Viatu vilikataa. Ilikuwa baada ya misimu mibaya ya ukame, watu wetu wamebaki mifupa, na ng'ombe waliosalia ungeweza kuwaning'inizia koti kwenye nyonga. Mtu aliyerudi nyumbani akiwa mnono na mweupe hakuwa mtu tu, alikuwa habari njema.

Jumapili hiyo mama yake Musyoka alikuja kutoka Malili kusali nasi, ili anione kwa mara ya kwanza. Wakati wa ushuhuda mama yangu alisimama.

"Wapendwa, mnajua mtoto wangu. Mlimjua akiwa kama kijiti cha kuchokolea meno, mweusi kama sufuria ya harusi. Hebu mtazameni. Nduku, simama."

Nikasimama.

"Geuka wakuone."

Nikageuka. Watu wakapiga makofi, wakaimba. Mama yake Musyoka alinitazama kutoka benchi la wageni kama mtu anayetazama shamba lililoshika vizuri. Nje ya kanisa alimshika mama mkono akamwambia, "Tukishapanda ya mvua ya Machi, tutakuja na mbuzi."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na soksi zikinikata, na tayari nilijua kuna kitu. Mkojo wangu ulikuwa na povu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Nikikaa kitako muda mrefu, sketi iliacha alama ya mshono kwenye paja, na alama haikuondoka. Lakini sikuwahi kuwa mnene maishani, ningejuaje unene unavyokuwa? Labda wanene wote wanaamka hawaoni. Labda wote wanachoka wakipanda ngazi mbili. Unaweza kudhani mtu aliyesoma angemuuliza mtu. Mtu aliyesoma anajiuliza mwenyewe, na anajijibu mwenyewe, na majibu yote yanatosha.

Shule zilipofunguliwa nilifundisha mwezi mmoja na kidogo. Kisha asubuhi moja macho hayakufunguka kabisa, na mwalimu mkuu akatafuta gari la kunipeleka hospitali ya mjini.

Sijui hospitali yako ikoje. Ile yangu ilikuwa na benchi refu nje ya maabara, na kila aliyekaa hapo alikuwa amebeba mkojo wake. Hospitali haikutoa chupa, ulijiletea. Palikuwa na chupa za dawa ya macho, za mafuta ya nywele, na mama mmoja alikuja na chupa ya maziwa iliyojaa hadi mdomoni kwa sababu hakutaka kuonekana mchoyo. Mimi nilikuwa na chupa ya wino niliyoisuuza vibaya. Mzee aliyeketi kando yangu aliitazama kwa muda.

"Mwalimu?"

"Ndiyo, mzee."

"Nimejua. Watu wengine tunakojoa tu, wewe unakojoa masomo."

Benchi zima lilicheka, nami nikacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi sikukichunguza kicheko changu.

Mhudumu alichukua mkojo wetu mmoja mmoja akauchemsha ndani ya kibomba cha kioo juu ya moto mdogo. Wa yule mzee ulibaki maji. Wangu uligeuka mweupe na mzito, kama ute wa yai kwenye kikaango. Mhudumu alisema, "Mm." Nilikaa na hiyo "mm" hadi nikaitwa ndani, nikiigeuza huku na huku, nikitafuta kama ilikuwa ndefu kuliko aliyowapa wengine.

Daktari alikuwa amechoka kuliko mimi. Hakuniuliza mengi. Alipiga goti, akabonyeza mfupa wa mguu wangu kwa kidole gumba, akahesabu polepole, akaachia. Shimo likabaki. Tulilitazama wote wawili, kama watu wanaotazama mahali ambapo kitu kimezikwa.

"Unaoga na sabuni gani?"

Nilidhani ananisifu. Nikamtolea karatasi ya bluu kutoka mkobani. Akavuta droo ya meza, na ndani yake kulikuwa na karatasi nyingine za bluu, wanawake wengi weupe wanaotabasamu.

"Sabuni basi," akasema. "Ndiyo inayokuvimbisha. Chumvi nayo basi. Na uso wako utarudi, mwalimu, lakini usitegemee kwamba utarudi vile ulivyoondoka."

Nililazwa. Nilipewa vidonge vya kukojoa, na kwa majuma kadhaa kazi yangu duniani ikawa hiyo. Watu huzungumza juu ya kupungua kana kwamba ni jambo la polepole. Mimi niliukojoa unono wangu wote ndani ya beseni la hospitali, huku mvua ya Machi ikinyesha juu ya mabati bila mimi kuona hata tone. Mashavu yaliondoka kwanza. Kisha mikono. Siku moja niliona kifundo changu cha mguu nikakitambua kama rafiki wa shule ya msingi. Ngozi iliyobaki ilining'inia kama nguo ya kuazima, na rangi ilianza kurudi kwa vipande, nyeusi ya bluu kwenye mifupa ya mashavu, nyekundu penye kidevu, kijivu shingoni. Hakukuwa na kioo wodini. Nilijitazama kwenye mgongo wa kijiko.

Musyoka alikuja na machungwa. Aliingia, akanisalimu, na kabla ya kuketi alikinyanyua kiti kilichokuwa dirishani, kwenye jua lililonipiga usoni, akakiweka upande wa pili, kwenye giza. Tukazungumza habari ya lami na vifusi. Alipoondoka nilikitazama kile kiti. Alikisogeza kwa nini? Asinione vizuri? Au mimi nisione anavyonitazama? Nilikula machungwa yake yote nikikifikiria kiti, na hata baada ya kutoka hospitali niliendelea kukibeba.

Nilirudishwa nyumbani mbaazi zikiwa zimeanza kutoa maua. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ugonjwa wa mtu mmoja hulala katika vitanda vyote vya nyumba.

Baba ni mtu wa maneno machache. Jioni ya kwanza alinitazama kwenye mwanga wa taa, kisha akamgeukia mama. "Kwa hiyo ulisimama kanisani," akasema, "ukamshukuru Mungu kwa maji."

Mama alinyanyua sahani akaenda nazo jikoni, na tangu siku hiyo aliacha kuketi mbele kanisani. Aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango, pamoja na akina mama wenye watoto wanaolia. Mimi nilitamani kumwambia kwamba hata mimi niligeuka nilipoambiwa nigeuke, lakini kila nikiyapanga hayo maneno yalionekana kama lawama.

Alichofanya ni kuacha chumvi. Sio ya kwangu tu. Aliipikia nyumba nzima bila chumvi, isyo ya mahindi na maharagwe, mboga, mchuzi wa kuku, kila kitu, ili nisijione nimetengwa na sahani yangu. Kama hujawahi kula isyo bila chumvi, jaribu kutafuna kamba ya katani iliyochemshwa. Ndugu zangu walikula wakitazama ukuta. Baba alikula vizuri kuliko wote, na jambo hilo lilinishangaza hadi nilipomwona akifungua kikopo chake cha ugoro mezani, akachota kidogo kwa vidole viwili na, badala ya kukipeleka puani, akakinyunyiza sahanini. Macho yetu yakakutana.

"Ugoro wa siku hizi," akasema kwa sauti ya chini, "ni mweupe sana."

Hatukumwambia mama, na nadhani mama alijua.

Wasichana wawili wa shule walitumwa na wenzao kunisalimu. Waliketi kwa adabu, wakanywa chai, wakasema wananiombea. Walipokuwa wakienda niliwasikia nyuma ya ua. "Karabai imeishiwa mafuta," mmoja alisema. Mwenzake hakucheka. Alisema, "Maskini," na hiyo iliniuma zaidi.

Wakati huo mambo ya ntheo yalikuwa yamesimama. Hakuna aliyesema yamevunjika. Mvua ya Machi ilikuwa imeshapita, watu walishavuna kidogo walichovuna, na hakuna mbuzi aliyekuja. Halafu Musyoka akaleta ujumbe kwamba mama yake na shangazi yake watakuja Jumamosi kunijulia hali. Kila mtu aliyelelewa kwetu anajua maana ya kujuliwa hali kabla ya mbuzi. Wanakuja kuona wanachonunua. Na yule mama alikuwa ameniona mara moja tu, nimejaa, nimeng'aa, nimegeuzwa mbele ya kanisa.

Kipande kimoja cha sabuni kilikuwa kimebaki juu ya boriti ya bafu. Hakuna aliyekitupa, labda kwa sababu kila mmoja aliogopa kukigusa. Nilikuwa nikikitazama kila nilipooga. Nilijiambia kwamba daktari alikuwa anazungumza juu ya matumizi ya muda mrefu. Nilijiambia usoni tu, si mikononi. Mpaka ntheo tu. Uso ni sehemu ndogo ya mwili, mwanajiografia anaweza kukadiria eneo lake. Siku ya Ijumaa mama alikwenda shambani, baba alikwenda mnadani, nami nikakishusha, nikakilowesha. Harufu yake ilipanda, ile harufu tamu ya chuoni, na mkono wangu ulikuwa njiani kwenda shavuni niliposikia, "Hodi hapa."

Walikuwa wamepata lifti ya gari la mbuzi, wakaja siku moja kabla. Mama yake Musyoka nilimjua mara moja. Pamoja naye alikuwa shangazi, Mbithe, mwanamke mkubwa, mweupe kama chapati ambayo haijageuzwa, na viatu vya mikanda. Nilitoka nikikausha mikono kwa leso, nikawaletea viti na maji ya kunywa.

Mama yake Musyoka alikunywa, akanirudishia kikombe. "Asante, mtoto. Hebu tuitie mwalimu. Mwambie ni watu wa Malili."

Nikasema, "Ndiyo, mwaitu," kama unavyomwambia mama yeyote wa heshima. Nikaenda.

Nikaenda bafuni, maana ndiko miguu ilikokuwa imetoka. Sabuni ilikuwa juu ya jiwe, bado inalia povu. Nilifikiria kwamba ningeweza kusema mwalimu amesafiri. Kwamba wao watarudi kwao na ile picha ya kanisani, na mimi nitapata miezi. Miezi ya kufanya nini, nilijua. Nilifikiria kile kiti. Nilifikiria mambo mengi sana, na nikachoka. Sitakudanganya kwamba ilikuwa ushujaa. Nilichoka tu, kama unavyochoka kubeba debe la maji ukaliweka chini mahali popote. Nikatoka, nikavuta kigoda, nikaketi mbele yao.

"Mwalimu ni mimi," nikasema.

Mama yake Musyoka alinitazama. Alitazama mashavu, shingo, mikono, kisha akatazama mlango wa nyumba kana kwamba yule mwingine bado angeweza kutoka.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wooi," akasema polepole. "Musyoka ameuona uso huu?"

"Ameuona. Alikuja hospitali. Alihamisha kiti asikae mbele yangu kwenye mwanga."

"Kiti cha dirishani?"

"Ndiyo."

"Huyo akikaa kwenye jua anapiga chafya," mama yake akasema. "Tangu mtoto. Atakupigia chafya mpaka uzee."

Sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nikainamisha kichwa. Na hapo chini nikaona miguu ya shangazi Mbithe. Mikanda ya viatu ilikuwa imezama. Alikuwa amekifungua kimoja ili apumzike, na mahali ulipokuwa mkanda palikuwa na mfereji.

Sikuomba ruhusa. Nilipiga goti, nikaweka kidole gumba kwenye mfupa wa mguu wake, nikabonyeza, nikahesabu polepole, nikaachia.

"Unanikandaje, mwalimu?" shangazi akauliza akicheka. "Ni unene tu. Mzee wangu anasema sasa ndiyo nimekuwa mwanamke."

Shimo lilibaki. Mama yake Musyoka aliinama, akalitazama. Shangazi naye akalitazama, na kicheko kikamwisha kidogo kidogo, kama maji yanavyoishia mchangani.

"Asubuhi macho yanafunguka?" nikauliza.

"Yanachelewa."

"Unatumia ile ya karatasi ya bluu?"

Alimtazama wifi yake kwanza. "Si kila mtu anatumia?"

Nilienda bafuni nikaleta kipande changu, kikiwa bado kimelowa, nikakiweka chini kati yetu watatu. Nikawaeleza, si kuhusu figo. Niliwaeleza kuhusu benchi, chupa, ute wa yai, na chumvi. Mama aliporudi kutoka shambani alitukuta tumekizunguka kile kipande kama watu waliokutana na nyoka. Alikichukua kwa koleo la moto, akakitupa ndani ya shimo la choo. Jumapili iliyofuata bado aliketi karibu na mlango.

Jumatatu nilikuwa tena kwenye lile benchi, safari hii na chupa ya mtu mwingine mapajani. Shangazi Mbithe alikuwa ameleta ya marashi. Nilimwambia mkojo ukigeuka mweupe asiogope ile "mm" ya mhudumu, kwa maana anaisema kwa kila mtu. Sina hakika. Lakini nilipoona mabega yake yakishuka, nikajua ndicho nilichohitaji kuambiwa siku yangu.

Mbuzi walikuja baada ya mvua ya Novemba, nyasi zikiwa zimesimama. Uso wangu haukurudi vile ulivyoondoka. Madoa bado yapo ninapoandika haya, na kuna siku naamka nikiyahesabu. Miguu imekauka, mkojo ni maji, nafundisha tena. Wakati wa kugawa nyama, mama alileta sahani mbili pembeni, zisizo na chumvi, yangu na ya shangazi Mbithe, ambaye sasa ni mwembamba na mwenye mabaka na hakuna anayemsifu. Tuliketi pamoja nyuma ya wageni. Alitafuna kipande cha ubavu kwa muda mrefu.

"Wewe umezoea?" akauliza.

"Hapana, shangazi."

Akachukua kipande kingine. Nami nikachukua.